Jumamosi Uwanjani Marekani: Mwambie Mwanao Haya Kabla Hajaenda

MSOMAJI, ikiwa una mwana, ndugu au mpwa anayesomea chuo kikuu Marekani, huenda umewahi kumpigia simu Jumamosi usiku asiipokee. Kama ilikuwa kati ya mwisho wa Agosti na mapema Desemba, usiwe mwepesi wa kudhani amepatwa na balaa. Huku kukiwa usiku, kwao jua lingali juu, na yamkini kijana wako yuko uwanjani pamoja na maelfu ya wenzake, sauti imemkauka, akishangilia kandanda ya chuo chake.

Kandanda hiyo si soka tunayoijua sisi. Ni ule mchezo wa mpira ulio kama yai, unaobebwa mikononi na wachezaji waliovaa helmeti. Usiudharau kwa kuwa ni wa wanafunzi. Uwanja wetu wa Kasarani kwa miaka mingi ulitajwa kuwa wa watu 60,000. Ule wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi 107,601, na ule wa Texas A&M una zaidi ya 102,000. Panapokusanyika umati wa namna hiyo, mambo ya afya hayakosi.

Kwenda au kubaki chumbani?

Kwa miaka kadhaa sasa wakuu wa vyuo wamekuwa wakilalamika kwamba wanafunzi hawaji uwanjani kama zamani. Mwaka 2014 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kuwa mahudhurio yao katika vyuo vya umma vyenye timu kubwa yalikuwa yamepungua kwa asilimia 7.1 tangu 2009. Sababu si ngumu kuzielewa. Mchezo huchukua zaidi ya saa tatu, saa ya kuanza hupangwa kwa matakwa ya televisheni, na mwanafunzi anaweza kuutazama kitandani bila kulipa wala kuchomwa na jua.

Mzazi anaweza kusema, heri abaki chumbani asome. Waama, hilo lina upande wa pili. Mnamo Mei 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa waraka akionya kuwa upweke ni tatizo la afya ya umma, linaloandamana na maradhi ya moyo, kiharusi, mfadhaiko na kifo cha mapema. Kijana aliyetoka Nakuru au Kisumu akajikuta katika mji asiojua mtu ana haja ya mahali pa kusimama bega kwa bega na wenzake, na uwanja humpa hilo. Kwa hiyo usimkataze kwenda. Mfunze namna ya kwenda.

Chupa kabla ya mpira

Hatari ya kwanza haimo ndani ya uwanja bali katika maegesho ya magari. Ni desturi ya Wamarekani kukusanyika huko saa nyingi kabla ya mchezo, wakachoma nyama na kunywa. Sheria yao hairuhusu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe, lakini chupa hupita mkono hadi mkono.

Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza madhara ya pombe inakadiria kwamba kila mwaka wanafunzi 1,519 wa vyuo, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, hufa kutokana na ajali zinazohusiana na pombe, zikiwemo za barabarani. Hawa ni wa unywaji wa kila namna, si wa siku za mchezo pekee, lakini idadi hiyo yatosha kutufumbua macho. Taasisi hiyo husema mwanamume akinywa bia tano, au mwanamke nne, kwa muda wa saa mbili hivi, tayari amevuka mpaka wa hatari.

Mfunze mwanao dalili za mtu aliyelewa hadi kupata sumu ya pombe: haamki ukimtikisa, anatapika akiwa hajitambui, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, au ngozi imekuwa baridi na kuanza kugeuka rangi. Kwa mtu mweusi, tazama midomo na kucha. Asiachwe "alale ipungue," kwa maana pombe iliyo tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya mtu kupoteza fahamu. Kahawa haisaidii, wala kumwagiwa maji baridi. Alazwe ubavu asije akasakamwa na matapishi, mtu abaki naye, na ambulensi iitwe kwa nambari 911.

Wanafunzi wengi huchelea kupiga simu hiyo kwa kuogopa kuadhibiwa. Katika majimbo na vyuo vingi zipo kanuni za kumkinga anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa. Mwambie aulize kanuni za chuo chake mapema, asingoje siku ya dharura.

Jua na baridi

Usidanganyike kwamba Mwafrika hadhuriki na jua. Aliyekulia Limuru au Nyahururu amezoea hewa baridi. Mwezi Septemba, katika majimbo ya kusini kama Alabama na Texas, joto hupita nyuzi 32 mara nyingi, nayo hewa huwa na unyevunyevu unaozuia jasho kukauka. Jasho lisipokauka, mwili haupoi.

Mwanzo wake ni kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi na misuli kukakamaa. Hapo mtu aondoke, akae kivulini, anywe maji. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akaanguka, na mwili unawaka kwa joto la nyuzi 40 au zaidi, huo ni ugonjwa wa kuua. Avuliwe nguo za ziada, aloweshwe maji baridi na kupepewa huku ambulensi ikija. Asinyweshwe chochote ikiwa hana fahamu sawasawa.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Alabama, kilichochoshwa na wanafunzi wanaotoka mapema, kilianzisha programu ya simu inayotambua aliyeko uwanjani. Mwanafunzi alipata alama 100 kwa kufika, na 250 zaidi kwa kubaki hadi robo ya nne. Mwenye alama nyingi alikuwa na nafasi bora ya kupata tiketi za michezo mikubwa ya mwisho wa msimu. Waliobuni mpango huo walitaka viti visibaki wazi. Lakini wewe mwambie mwanao kwamba hakuna alama inayolipia figo au ubongo. Kichwa kikianza kuzunguka, atoke.

Wengine hupenda kusimama mchezo mzima. Kule Texas A&M hiyo ni mila, kuonyesha kwamba wanafunzi wako tayari kuisaidia timu. Mtu akisimama kwa muda mrefu bila kusogea, magoti yakiwa yamekazwa, damu hujikusanya miguuni, ubongo ukapungukiwa, akazirai. Dawa yake ni rahisi: akunje magoti mara kwa mara, asogeze miguu, na asiende na njaa.

Ifikapo Novemba, kaskazini huko Michigan na Wisconsin, taabu hugeuka kuwa baridi kali. Pombe humfanya mtu ahisi joto kwa sababu hupeleka damu kwenye ngozi, kumbe mwili ndio unapoteza joto upesi zaidi. Koti, kofia na soksi nzito ndizo za kutegemea.

Masikio nayo

Wataalamu wa Marekani wa afya kazini husema sikio laweza kustahimili kelele ya desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni za saa moja, na desibeli 100 ni za dakika 15 tu. Umati wa watu 100,000 ukishangilia kwa pamoja hupita kiwango hicho bila shida. Masikio yakivuma usiku baada ya mchezo, hiyo ni onyo. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei nafuu sana, na seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Msongamano wa mwisho

Timu ikishinda, wanafunzi hupenda kufurika uwanjani. Tarehe 30 Oktoba 1993, Wisconsin iliposhinda Michigan 13-10, wanafunzi waliosukumana kuingia uwanjani walibanwa kwenye vizuizi, na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Mwaka 2005, huko Minnesota, mwanafunzi mmoja alifariki baada ya mlingoti wa goli, ulioangushwa na washangiliaji, kumwangukia. Baadhi ya ligi sasa huvitoza vyuo faini kubwa mashabiki wakivamia uwanja, lakini faini haimrudishi aliyekanyagwa.

Nasi tumeonja uchungu huo. Mnamo Oktoba 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano uwanjani Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Katika mbano kama huo wengi hufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu kifua kinabanwa hakiwezi kupanuka. Mtu akijikuta humo, akunje mikono mbele ya kifua apate nafasi ya kupumua, asishindane na wimbi la watu bali asogee mshazari kuelekea pembeni, na asiiname kuokota kitu kilichoanguka, hata kikiwa simu.

Bora zaidi, akae karibu na njia ya kutokea, apatane na rafiki mmoja kwamba hawataachana, na filimbi ya mwisho ikilia angoje dakika kumi kitini. Mlango hautahama. Jambo la mwisho ni bima: aijue inalipia nini, na kadi yake aende nayo, kwani matibabu ya dharura kule ni ghali mno. Mweleze haya leo akiwa ametulia. Siku ya mchezo hatakusikia.