Wazo la Hadithi Hunaswa Wapi? Mifano ya Nachingwea na Ruangwa

Wanafunzi wengi wa fasihi tukitakiwa kuandika hadithi fupi huanza na dhamira. Mmoja anasema, "Mimi nitaandika juu ya rushwa," mwingine anashika ukimwi. Kurasa mbili tu, kalamu imekwama. Katika makala haya ninakusudia kueleza kwamba dhamira siyo wazo la hadithi. Wazo ni mtu aliyebanwa na jambo asiloweza kulikwepa. Dhamira huja baadaye, na mara nyingi sisi wahakiki ndio tunaoichimbua.

Natoa mifano ya kule kwetu kusini, ambako wenzangu hunitania kuwa hakuna kitu ila korosho.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ikajengwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea ili kubeba karanga. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Mpaka hapo tuna historia, hadithi bado. Sasa jiulize: kijana aliyeacha shamba la baba yake akajifunza kuendesha trekta, alirudije kushika jembe mbele ya wadogo zake? Hapo, ndugu msomaji, wazo limeshaingia mtegoni.

Nachingwea hiyohiyo ilikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Mei 1975, Uria Simango, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisomeshwa ungamo mbele ya umati hapo. Mwanahistoria atauliza nani aliliandika. Mtunzi atauliza: je, kama katika umati ule alikuwemo mtu aliyewahi kula naye sahani moja, macho yake aliyaelekeza wapi?

Ruangwa nayo siku hizi inatajwa kwa madini ya kinywe. Hebu mfikirie mjane anayeitwa kupokea fidia ya shamba lenye kaburi la mumewe. Akitia sahihi, watoto watasoma. Asipotia je? Mama huyu huna haja ya kumtafutia dhamira, anayo tayari.

Ebrahim Hussein alituonyesha njia hii zamani. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969) hakunakili tu Vita vya Maji Maji. Alimchukua mtu mmoja akambana kwa swali: ufanyeje imani uliyoieneza ikikuzidi nguvu?

Sasa, kulinasa. Wazo lina mbio kama kanga wa porini, ukisema utalikumbuka kesho limekwenda. Mimi hutembea na kidaftari. Nikiwa kwenye basi la Nachingwea kwenda Ruangwa naandika vitu vitatu tu: maneno kama yalivyotamkwa, hata yakiwa na Kimwera ndani yake, kitu kimoja nilichokiona, na swali lililobaki bila jibu. Jina la mtu siandiki, maana siri yake siyo mali yangu. Daftari lisilo na maswali ni stoo tu.

Na tusichelewe, jamani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mpango wa karanga ulipoanza, leo anakaribia 100. Babu wa namna hiyo ukimwekea ahadi ya likizo ijayo, unaweza kufika ukakuta turubai la msiba.