Je, Wajua? Siki, Kijiti cha Pamba na Nauli

Siki hupima dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi? Muuguzi hupaka asidi ileile ya siki, iliyozimuliwa hadi asilimia 3 au 5, akasubiri kama dakika moja, kisha akamulika taa. Penye seli zilizoanza kuharibika hugeuka peupe. Maabara haihitajiki, na mama hupata majibu kabla hajashuka kitandani.

Mjini Mumbai, India, kazi hiyo walipewa wanawake waliosoma hadi darasa la kumi tu, wakafunzwa wiki nne. Vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31 katika mitaa waliyohudumia. Wanaosubiri daktari bingwa afike kijijini wana la kujifunza hapo.

Siki inategemea jicho la anayetazama, na macho hutofautiana. Ndiyo maana tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linatanguliza kipimo cha kutafuta kirusi kinachosababisha saratani hiyo, HPV. Uzuri wake ni kwamba mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba. Aliye na haya ya kuvua nguo mbele ya mhudumu (ambaye vijijini huenda ni mtoto wa jirani!) hana tena sababu ya kukwepa.

Mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu hupima HPV pia? Hubadilishwa katriji tu, na majibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi.

Kaunti ya Migori, Kenya, watafiti walilinganisha njia mbili. Kipimo kilipopelekwa kwenye kambi za afya vijijini, asilimia 60 ya wanawake walipimwa. Kilipobaki kituoni, 37. Lakini kwa njia zote mbili, waliokutwa na kirusi na kweli wakafika kutibiwa hawakutimia hata nusu. Hapa ndipo penye kidonda. Kupima ni safari moja, kurudi kwa matibabu ni nyingine: bodaboda, shamba, mtoto mgongoni, mume wa kuombwa ruhusa. Mpango wa uchunguzi usiohesabu nauli hiyo haujakamilika, hata ukijaza daftari la waliopimwa.

Tiba ya mapema zamani ilidai mitungi mizito ya gesi ya kugandishia. Siku hizi kuna kifaa cha betri kinachoshikwa mkononi, hufika nyuzi 100 na kuchoma eneo lililoathirika kwa muda mfupi. Kinaingia kwenye mkoba, hivyo mama anaweza kupimwa na kutibiwa siku ileile.

Tangu kirusi kikite hadi saratani ni kawaida miaka 15 hadi 20? Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, huenda ikawa 5 hadi 10, na hatari ya wenye VVU kwa jumla ni kama mara sita ya wasio na VVU.

Rwanda ilianza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2011. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo mama wa binti aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa.

Kwa saratani iliyokwisha kukomaa, kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini Tanzania ilipatikana katika taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, pekee, kabla ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kuanza. Na hapo nauli tena: kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200.