Gemu ya Peke Yako au ya Mtandaoni: Hesabu ya Mchezaji wa Ggaba

Wapenzi wa gemu za mazimwi na uchawi wana ubishi usioisha: je, mfululizo uliotengenezwa kwa mchezaji mmoja, kama The Elder Scrolls, ulistahili kupelekwa mtandaoni ili maelfu ya watu wacheze kwa pamoja? Kwingineko duniani huo ni ubishi wa ladha tu. Ggaba ya Kampala, mahali barabara itokayo Kabalagala kupitia Kansanga na Bunga inapoishia ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ni ubishi wa bando, wa umeme wa Yaka unaolipiwa kabla na wa kadi ya Visa. Mwanafunzi anayenunua gemu moja kwa miezi kadhaa hana nafasi ya kujaribu zote mbili. Anahitaji kujua ipi itamla pesa, na ipi itamwacha acheze.

Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1994 na Arena. Zikafuata Daggerfall mwaka 1996, Morrowind mwaka 2002, Oblivion mwaka 2006, kisha Skyrim tarehe 11 Novemba 2011. Zote tano zina tabia moja: nchi ni pana, mchezaji ni mmoja, na ulimwengu mzima unamngoja yeye. Ukiitwa jikoni, unasimamisha mchezo, na zimwi linabaki angani mpaka urudi. Wengi waliozicheza walitamani kuingia humo na rafiki, na kampuni ya ZeniMax ilikuwa imekwisha kuanzisha studio mwaka 2007, chini ya Matt Firor, kwa ajili ya gemu ya mtandaoni. The Elder Scrolls Online ikatoka tarehe 4 Aprili 2014 kwa bei ya dola 60, na juu yake ada ya dola 15 kila mwezi. Mwaka haukutimia. Tarehe 17 Machi 2015 ada ya lazima ikaondolewa, kwa sababu watu waliozoea kununua gemu mara moja na kuifanya yao hawakukubali kuwa wapangaji ndani yake.

Sasa tuhesabu. Nimechukua dola moja kwa shilingi 3,600 za Uganda, na gigabaiti moja kwa shilingi 2,000. Wewe weka bei ya bando lako. Tarakimu zitasogea, lakini tofauti kati ya gemu hizi mbili itabaki palepale.

Skyrim Special Edition, toleo la mwaka 2016, huuzwa dola 40 kwenye duka la Steam, yaani shilingi 144,000. Usiinunue kwa bei hiyo. Mara kadhaa kwa mwaka hushushwa hadi dola 10 au chini yake, na ukisubiri utalipa kama shilingi 36,000. Inahitaji gigabaiti 12 za diski. Hata kama bando litatumika kiasi hicho chote, ni shilingi 24,000 nyingine. Jumla shilingi 60,000, na hapo malipo yamekwisha. Ukishaingia Steam mara moja na kuiweka tayari kucheza nje ya mtandao, hutatafuta bando tena kwa ajili yake.

Ile ya mtandaoni inaonekana rahisi dukani: dola 20, yaani shilingi 72,000, na mara nyingi ina punguzo kubwa. Lakini uzito wake ni karibu gigabaiti 100. Kwa bei tuliyoiweka, kuipakua tu ni shilingi 200,000, karibu mara tatu ya bei ya gemu yenyewe. Kisha kuna usajili wa hiari uitwao ESO Plus, kama shilingi 54,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 648,000. Ni hiari kweli, na unaweza kucheza miaka bila kuulipa. Ila mfuko wako wa mali utajaa kila saa, kwa kuwa mfuko usiojaa wa malighafi wanapewa waliolipa, na sehemu nyingi za hadithi zilizoongezwa zimekuwa zikinunuliwa moja moja. Nadhani ubanaji huo wa mfuko umewekwa makusudi ili ukuchoshe mpaka ulipe, na mzazi anayempa mtoto kadi yake aliwaze hilo kabla, hasa kwa kuwa ndani ya gemu hiyohiyo yamekuwa yakiuzwa pia masanduku ya bahati nasibu.

Kuna hofu moja ya kuiondoa. Watu hudhani kucheza mtandaoni ndiko kunakokula bando. Sivyo. Picha na sauti zote zimo tayari kwenye diski yako. Kinachosafiri ni taarifa ndogondogo za nani yuko wapi na amefanya nini, na kwa kawaida saa moja ya gemu za aina hii haifikishi megabaiti 100. Kutazama video kwa saa hiyohiyo hula zaidi sana. Bando linaliwa na masasisho. Kwa The Elder Scrolls Online makubwa yamekuwa yakija kama mara nne kwa mwaka, kila moja gigabaiti kadhaa, na usipoyapakua huruhusiwi kuingia. Mtu mwenye Skyrim akiishiwa pesa mwezi huu anaendelea kucheza. Mwenye ile nyingine anafungiwa nje mpaka apate bando.

Tena bando la Uganda lina kodi ndani yake. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Mwezi Julai 2021 tozo hiyo ikafutwa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambao unalipwa pamoja na VAT ya asilimia 18. Kila sasisho unalopakua, hata la kurekebisha kosa la watengenezaji, unalilipia kodi.

Umeme usikutishe. Laptopu inayovuta wati 100 kwa saa tatu hutumia uniti 0.3, na uniti moja ikiwa karibu shilingi 800, jioni nzima ya kucheza ni shilingi 240. Tatizo liko kwenye kukatika. Umeme ukizimika katikati ya Skyrim, laptopu yenye betri nzuri haishtuki. Mtandaoni betri haikusaidii kitu ikiwa kisanduku cha intaneti ukutani kimezimika, na wenzako watatu mliokuwa nao pangoni wanabaki wakishangaa umekwenda wapi.

Halafu kuna umbali. Uganda haina bahari. Data inayotoka Ggaba husafiri kwa nyaya za nchi kavu, nyingi zikielekea Mombasa, kisha hushika nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy kabla ya kufika Ulaya, ambako ndiko ziliko seva za karibu nasi za gemu hii. Kwenda na kurudi huchukua takriban milisekunde 150 au zaidi hata siku ambayo mtandao ni mzuri. Kwa kufuata hadithi na kuua mazimwi ya kompyuta, hilo linavumilika. Kwa vita vya watu kwa watu ndani ya uwanja wa Cyrodiil, anayecheza Ujerumani atakupiga kabla hujaona ameinua upanga, na hakuna ujuzi utakaokuokoa. Na njia hiyo ndefu hukatika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ikadhoofika Kenya, Tanzania na Uganda. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ya Uganda nzima ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo gemu ya mtandaoni, hata uwe umeilipia mwaka mzima, ni aikoni tu juu ya kioo.

Wakazi wa Ggaba wataelewa haraka, maana mitambo ya National Water inayosafisha maji ya Kampala ipo hapahapa kando ya ziwa. Skyrim ni tangi lililojaa uani kwako. Gemu ya mtandaoni ni bomba: maji yake yanaweza kuwa mengi kuliko ya tangi, lakini koki ameishika mtu mwingine.

Hata hivyo, upande wa mtandao una hoja nzito, na hoja hiyo naiheshimu kuliko zote zinazohusu pesa. Njia hii ya Ggaba imejaa vijana ambao ndugu zao wametawanyika. Kuna Wakongo waliokulia Nsambya na Kabalagala na kaka zao wako Kanada. Kuna wanafunzi kutoka Tanzania na Kenya waliokuja kusoma Kansanga. Kijana wa namna hiyo atakuambia, "Kaka, mimi sitafuti zimwi. Ninamtafuta ndugu yangu, na humo tunakaa saa mbili tukiongea huku tunafanya kazi moja." Kwake shilingi 54,000 ni nauli ya kumfikia mtu wake, na sina neno la kumpinga. Simu ya WhatsApp ya saa mbili huishiwa maneno. Mkiwa na safari ya kufanya pamoja, maneno huja yenyewe.

Lakini wengi wanaoutaka mtandao hawana huyo ndugu. Wanataka Skyrim kubwa zaidi, nao ndio watakaovunjika moyo. Hadithi ya gemu hizi imejengwa juu ya mtu mmoja aliyeandikiwa kuiokoa nchi. Mtandaoni mnaambiwa hivyohivyo watu elfu, na mwokozi mwenzako amepanga foleni nyuma yako kwa mzee yuleyule akingojea kupewa kazi ileile. Adui unayemwua pangoni, punde amefufuka kwa ajili ya mchezaji anayekuja. Mwezi Oktoba 2016 watengenezaji walifungua nchi nzima ili kila mchezaji aende atakako bila kujali kiwango chake, na gemu ikapendeza zaidi. Ilipendeza kwa kusogea karibu na ile ya mchezaji mmoja, na hilo naliona kama ushahidi juu ya swali letu la mwanzo.

Kuna mlango wa tatu ambao wabishi wengi huupita: kucheza wachache, bila umati. Divinity: Original Sin II ya mwaka 2017 huruhusu watu wawili kwenye kompyuta moja, kioo kimegawanywa, padi mbili, nakala moja, intaneti hapana. Diablo III inafundisha zaidi. Ilipotoka kwenye kompyuta mwezi Mei 2012 ililazimisha kila mtu awe mtandaoni, hata anayecheza peke yake, na siku za mwanzo seva zilielemewa, wanunuzi wakakaa nje ya gemu waliyoilipia. Mwaka uliofuata ikaja kwenye PlayStation 3, watu wanne wakikaa mbele ya televisheni moja bila kuhitaji mtandao. Ni gemu ileile na kampuni ileile. Kumbe mtandao haukuwa lazima. Na kwenye vibanda vya gemu vya Kampala, ambako vijana wamezoea kugombea padi kwa mechi za mpira, mchezo wa watu wanne kwenye kioo kimoja hauhitaji maelezo. Hata Skyrim ina njia ya kuchezwa na wachache: mwaka 2022 wapenzi wake walitoa modi ya bure iitwayo Skyrim Together Reborn, inayowaunganisha marafiki wachache, mmoja wao akiendesha seva kwenye kompyuta yake.

Mwenye PlayStation ajue jambo moja la ziada. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma rasmi ya mtandao wa PlayStation. Wengi hapa hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, na anayefanya hivyo ajue kuwa siku akaunti ikifungwa hatakuwa na pa kulalamikia. Mwezi Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu ya suala hilohilo la akaunti. Kwa mashine hiyo, diski ya gemu ya mchezaji mmoja ndiyo salama, na ukichoka nayo unaiuza. Diski ya gemu ya mtandaoni bila akaunti na seva haina thamani.

Na seva huzimwa. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kuanzia siku hiyo hata aliyetaka kuendesha peke yake hakuweza. Morrowind ya mwaka 2002 bado inafunguka leo kwenye laptopu ya kawaida kabisa.

Kama tayari una intaneti ya nyumbani isiyohesabu gigabaiti, na una watu wako wawili watatu wanaokungoja upande wa pili, nunua The Elder Scrolls Online ikiwa na punguzo, cheza miezi miwili bila usajili, kisha uamue. Ukiitaka bila intaneti hiyo, usipakue gigabaiti 100 kwa bando la simu: mwombe mwenye gemu hiyo alete laptopu yake, kwani tangu Februari 2023 Steam inaruhusu kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba. Kama mko marafiki wa mtaa mmoja, changeni mnunue Divinity na padi mbili. Wengine wote, ambao ndio wengi kuanzia Bunga hadi ufukweni, wachukue Skyrim.

The Elder Scrolls VI ilitangazwa mwezi Juni 2018 na bado inangojewa. Nawaomba watengenezaji wake waiache iwe ya mchezaji mmoja, ifunguke bila intaneti, na wakipenda kutuongezea rafiki, wampe padi ya pili kwenye mashine ileile. Wakiifanya ya lazima mtandaoni, msiinunue siku ya kwanza, hata kama picha zake zitawatoa machozi.