Ufundishaji wa Kiingereza katika mikoa ya Shinyanga na Geita

Ufundishaji wa Kiingereza katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, unawahusu wanafunzi ambao kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu: nyumbani husema Kisukuma au lugha nyingine ya asili, na katika shule ya msingi husoma kwa Kiswahili. Msingi wake ni sarufi ya mwanzo na uandishi wa aya, kwa sababu tangu kidato cha kwanza mwanafunzi hutakiwa kujibu maswali ya masomo mengi kwa sentensi za Kiingereza alizotunga mwenyewe.

Mazingira ya lugha

Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya asili nchini Tanzania. Pamoja nacho husemwa Kisumbwa, hasa upande wa Bukombe, Mbogwe na Kahama, na Kizinza karibu na Ziwa Viktoria. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera.

Madini yameongeza mchanganyiko huo. Almasi ya Mwadui ilivuta wafanyakazi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, mwaka 2001. Machimbo ya wachimbaji wadogo, kama vile Nyarugusu na Mgusu, pamoja na mji wa biashara wa Katoro, hupokea watu kutoka mikoa mingi. Familia nyingine huhama kila dhahabu inapogunduliwa mahali papya. Hivyo mtoto anaweza kuingia darasani katikati ya muhula, akiwa amekosa mada zilizotangulia.

Nafasi ya Kiingereza shuleni

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza hufundishwa humo kama somo. Katika sekondari masomo mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao.

Mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika sekondari za umma hadi kidato cha nne, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo liliweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kadiri wengi wanavyoendelea na masomo, ndivyo viwango vya Kiingereza vinavyozidi kutofautiana ndani ya darasa moja.

Tatizo hilo si la somo la Kiingereza peke yake. Mwanafunzi anaweza kueleza vizuri kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, kisha akakosa alama katika Baiolojia kwa kushindwa kuunga sentensi tatu. Wako pia wanaoamua kwamba hawana akili ya shule, ilhali walichokosa ni lugha ya mtihani.

Sarufi ya msingi

Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kufuata kanuni za lugha wanayoijua. Mwalimu akitambua chanzo cha kosa, anaweza kulieleza badala ya kulisahihisha tu.

* Kiima kurudiwa. Katika "Masanja analima" kiambishi a- ni cha lazima. Mwanafunzi akikitafsiri huandika "Masanja he digs". Kiingereza husema "Masanja digs", kwa kuwa jina likishatajwa kiwakilishi hakihitajiki.
* Jinsia. "Yeye" ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana mama huitwa "he" katika madaftari mengi.
* Wakati. "Ninakwenda" hubeba maana ya "I go" na ya "I am going". Mwanafunzi asiyejua tofauti huchanganya zote mbili na kupata "I am go".
* Kiambishi -me-. "Nimechoka" si "I have tired" bali "I am tired". Hapa kitenzi cha Kiswahili hueleza hali, nacho Kiingereza hutumia kivumishi.
* Vineno "a", "an" na "the". Kiswahili hakina vineno hivyo, kwa hiyo husahaulika. Njia rahisi ya kuanzia ni hadithi fupi: kitu kikitajwa mara ya kwanza hupewa "a" au "an", kikirudiwa hupewa "the".
* Saa. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock". Tofauti ni saa sita.

Lugha ya kwanza si kikwazo tu. Anayejua kwamba "mtoto anacheza" hugeuka kuwa "watoto wanacheza" tayari anaelewa upatanisho wa kisarufi. Kiingereza nacho kinao, ila alama yake ni ndogo: "the child plays", "the children play". Mwanafunzi akiambiwa kwamba herufi "s" mwishoni mwa "plays" inafanya kazi ya upatanisho, kama a- katika "anacheza", kanuni huacha kuwa kitu kigeni cha kukariri.

Kuandika aya

Aya ni kundi la sentensi zinazoeleza wazo moja. Huwa na sentensi kuu inayotaja wazo, sentensi za maelezo, na mara nyingi sentensi ya kufunga. Katika eneo hili kilimo cha pamba hufaa kwa mfano, kwa kuwa wanafunzi wengi wanajua hatua zake na hubaki kushughulikia lugha tu:

"Cotton is an important crop in our district. First, farmers prepare the land. Then they plant the seeds. After that, they weed the field. Finally, they pick the cotton and sell it."

Maneno "first", "then", "after that" na "finally" huonyesha mpangilio. Aya hiyohiyo inaweza kufundisha sarufi. "Farmers" ikibadilishwa kuwa "my uncle", na "they" kuwa "he", vitenzi vya kazi vyote hupata "s": "prepares", "plants", "weeds", "picks", "sells". Ikiongezwa "last year", vitenzi hivyo hugeuka kuwa "prepared", "planted", "weeded", "picked" na "sold". Hicho cha mwisho hakifuati kanuni na hukaririwa.

Mpangilio unaotumika sana ni kuzungumza kwanza, kutunga aya ya pamoja ubaoni, kisha kila mmoja kuandika yake. Kuruka hatua ya pili huwaacha wengi wakinakili bila kuelewa.

Darasa lenye viwango tofauti

Aya moja inaweza kutumiwa na darasa zima kwa kazi tofauti. Wanaoanza hupanga sentensi zilizochanganywa au kujaza nafasi. Wa kati hubadilisha kiima na wakati. Waliotangulia huandika aya mpya, kwa mfano kuhusu uvuvi au duka la nyumbani. Aliyehamia karibuni huanza na kundi la kwanza bila kurudishwa darasa.

Baadhi ya wanafunzi huhitaji mpangilio wa pekee. Shule ya Msingi Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, inajulikana kwa kupokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu: huhitaji kukaa mbele, mbali na mwanga mkali, na kupewa maandishi makubwa. Kwa kiziwi, sarufi ya lugha ya alama ni tofauti na ya Kiingereza, hivyo mifano iliyoandikwa na picha humsaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Watu wazima nao hujifunza, wakiwemo vijana wanaotafuta ajira migodini. Kwao kazi ya kwanza huwa ni kusoma maagizo ya usalama na kuandika barua ya maombi.

Usahihishaji

Madarasa makubwa hufanya usahihishaji wa kila kosa uwe mgumu. Aidha, daftari lililojaa wino mwekundu humvunja moyo anayeanza. Walimu wengine huchagua kosa la aina moja kila wiki, kwa mfano vitenzi vya nafsi ya tatu umoja, na kuwaachia wanafunzi wasomeane kazi zao wawili wawili. Mwanafunzi akishaweza kuliona kosa hilo katika daftari la mwenzake, huanza kuliona katika lake.