Kasoro inayofukuzwa mlangoni ikarudi kwa dirisha

MSOMAJI, mwite mwanao aliye shule ya upili, mketi mezani na kalamu. Mwulize: hasi 5 mara hasi 5 ni ngapi? Atakujibu 25, na ni kweli. Sasa mwulize kipeuo cha pili cha 25, yaani ile nambari ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huzaa 25. Kwa desturi ya wanahisabati alama hiyo hutoa jibu chanya, kwa hivyo atasema ni 5.

Umeona lililotokea? Mlianza safari na hasi 5, mkaishia 5. Hamkurudi mlikotoka.

Jambo hilo dogo, ambalo mwalimu hulipitia kwa dakika tano, limewasumbua kwa miaka mingi mabingwa wanaoandika programu za aljebra za kompyuta. Usizichanganye programu hizi na kikokotoo cha dukani. Kikokotoo hula nambari na kutoa nambari. Hizi hushughulika na herufi, zile x na y zilizokutesa ukiwa mwanafunzi. Macsyma ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1968 katika chuo cha MIT, Maple ikazaliwa Kanada mwaka wa 1980, na Mathematica ikaingia sokoni mwaka wa 1988. Wahandisi, wanasayansi na wanafunzi huzitegemea.

Taabu ni kwamba baadhi ya programu za awali zilifundishwa njia ya mkato: ukikuta kipeuo cha pili cha x mara x, andika x, uendelee na kazi. Ikiwa x ni chanya, hakuna neno. Ikiwa ni hasi, jibu limeharibika. Mhandisi anayepima umbali kati ya nguzo mbili anaweza kuambiwa kuwa ni hasi mita 500. Je, wewe umewahi kutembea umbali ulio chini ya sufuri?

Mwaka wa 1991, David Stoutemyer, mmoja wa waliounda programu iitwayo Derive, aliandika katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani akiwaonya watumiaji kuhusu makosa ya namna hii. Huenda ukadhani kwamba mtu akishaonywa huifuta kanuni mbaya, mambo yakaisha. La hasha!

Programu kubwa ni kama nyumba yenye vyumba vingi iliyojengwa na mafundi wengi. Chumba kimoja hurahisisha hesabu, kingine hutafuta x, kingine hufanya zile hesabu za kalkulasi. Fundi akiiziba njia ya mkato chumbani mwake, huenda fundi mwingine anaitumia katika chumba cha tatu bila habari. Kisha kuna watumiaji. Kanuni ikiondolewa, majibu huwa marefu na ya kuchosha, nao hulalamika. Fundi mgeni, kwa nia njema, huurudisha mkato ili kuwapendeza. Kasoro iliyofukuzwa mlangoni imeingia tena kwa dirisha.

Tiba yake basi ni ipi? Kwanza, fundi huupunguza mfano ulioleta shida. Ukurasa mzima wa hesabu hupogolewa kama mchaichai hadi kubaki mstari mmoja tu ambao bado unakosea. Hapo ndipo ugonjwa unapoonekana.

Pili, huutibu mzizi. Mzizi wenyewe ni dhana isiyosemwa, kwamba kila x ni chanya. Maxima, ambayo ni mtoto wa ile Macsyma, hujibu kwamba kipeuo cha x mara x ni x iliyovuliwa alama ya hasi. Katika hesabu nyingine husimama na kumwuliza mtumiaji: nambari yako ni chanya, hasi au sufuri? SymPy, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka wa 2005, haikubali mkato huo mpaka uitangazie kuwa x ni chanya.

Tatu, na hili ndilo huzuia kurudi kwa kasoro, ule mstari mmoja uliokosea huandikwa katika orodha ya majaribio pamoja na jibu lake sahihi. Kila mara programu inapobadilishwa, kompyuta huyapitia majaribio yote upya. Fundi mgeni akiurudisha mkato, kengele hulia siku hiyo hiyo.

Usiseme hayo ni ya wazungu wenye muda wa kupoteza. Mwaka wa 2014 wanahisabati watatu wa Uhispania, Antonio Durán, Mario Pérez na Juan Luis Varona, walieleza jinsi Mathematica ilivyowapa majibu yasiyo sahihi katika hesabu ya jedwali la nambari kubwa kubwa. Waliporudia hesabu ile ile, jibu lilibadilika! Walijilinda kwa kulinganisha na Maple. Kama wangeiamini mashine moja, utafiti wao ungepotea njia.

Nawe, mzazi, leo mwanao ana simu inayoweza kumfanyia hesabu za nyumbani. Usimnyang'anye, lakini mfundishe tabia ya kukagua. Jibu likija, aweke nambari mahali pa x: moja chanya, moja hasi, kisha sufuri. Pande mbili zisipolingana, kuna walakini. Na akigundua kosa, asione haya kuwaarifu wenye programu, akiambatisha mfano mfupi kabisa. Mficha uchi hazai, na kasoro isiyotajwa haitibiwi.

Basi jioni ya leo, vyombo vikishaoshwa, rudini kwenye lile swali la hasi 5. Huenda mtoto wako akajua jambo ambalo programu za mabingwa zilichukua miaka kulishika.