Taa ya Mashine ya Kuchonga Vyuma: Yatazame Haya Kabla ya Kununua

Karakana nyingi za nyumbani huangazwa na balbu moja iliyoning'inizwa darini. Kwa kazi ya kupanga mbao huenda ikatosha. Kwa mashine ya kuchonga vyuma haitoshi, kwa sababu kichwa cha mashine hukaa juu ya kazi na kuangusha kivuli mahali palepale kisu kinapokutana na chuma. Fundi asiyeona vizuri huinama na kusogeza uso, na baada ya uso husogea mkono. Kwa hiyo uamuzi wa kununua taa maalumu ya mashine ni uamuzi mwema. Hata hivyo, taa isiyofaa yaweza kuleta hatari ambayo balbu ya darini haikuwa nayo, na ni wauzaji wachache wanaoitaja.

Hatari hiyo ni kupepesa kwa mwanga. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na nguvu yake hupanda na kushuka mara 100 katika kila sekunde. Balbu ya zamani ya waya haikujali sana jambo hilo, kwa kuwa waya wake hubaki na moto kati ya mpando mmoja na mwingine. Taa ya LED haina moto wa kuhifadhi. Iwapo saketi yake ya ndani imetengenezwa kwa kubana gharama, mwanga wake hupanda na kufifia mara 100 kwa sekunde, na jicho halitambui.

Sasa chukua kisu chenye meno manne kinachozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, yaani meno 100 hupita mahali pamoja kila sekunde. Kila mwanga unapopanda, jino jingine limekwisha kufika pale lilipokuwa la kwanza, na macho huona kisu kilichosimama. Kasi ikipungua kidogo, kisu huonekana kikirudi nyuma taratibu. Kisu chenye meno mawili hufanya hivyohivyo kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, na kishikio cha taya tatu cha mashine ya kukereza kwa mizunguko 2,000. Mtu aliyezoea mashine yake atasema kwamba sauti itamwonya. Huenda ikawa hivyo, ila siyo siku ambayo kompresa ya jirani inanguruma ukutani na yeye anataka tu kufagia chembe za chuma kwa kidole.

Mnunuzi anaweza kuipima taa akiwa bado dukani. Mwombe muuzaji aiwashe mahali ambapo mwanga wa taa nyingine hauingii sana, kisha peperusha kalamu kwa haraka mbele yake. Kalamu ikionekana kama ukungu mmoja mfululizo, ni dalili njema. Ikionekana kama kalamu nyingi zilizopangwa kama vidole vya feni, taa hiyo inapepesa. Kamera ya simu pia husaidia: ielekeze kwenye taa kwa karibu, na mistari myeusi ikitembea katika kioo, iache taa hiyo rafuni. Si kila simu huonyesha mistari hiyo, kwa hiyo kipimo cha kalamu kisirukwe.

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia taa ya volti 12 au 24 inayolishwa na umeme wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye betri au adapta nzuri. Hapo kupepesa hupungua sana au huisha kabisa, na faida ya pili ni kubwa vilevile. Taa ya mashine hukaa karibu na maji ya kupoozea na chembe kali zinazoweza kukwaruza ngozi ya waya. Baadhi ya taa rahisi za volti 230 hazina transfoma ndani. Chipu zake zimeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba, na kifuniko chembamba cha plastiki ndicho pekee kinachomkinga fundi. Kwa taa ya volti 12 yenye wati 10, adapta ya ampea 1.5 inatosha na kubakiza akiba. Taa za pikipiki nazo hutumika, ingawa nyingi zimeundwa kurusha mwanga mbali na humulika chuma kinachong'aa hadi kuumiza macho; zitahitaji kioo cha ukungu mbele yake.

Wenye mashine za zamani wajihadhari na jambo moja. Nyingi zilikuja na taa ya volti 24, na kitako cha balbu yake chaweza kufanana kabisa na cha balbu ya nyumbani. Soma namba iliyoandikwa kwenye balbu, kisha pima tundu lenyewe, kabla ya kubadilisha chochote.

Kuhusu wingi wa mwanga, viwango vya Ulaya vinataja laksi 300 kwa uchongaji wa kawaida na 500 kwa kazi ya vipimo vya chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kuzifikia hakuhitaji taa kubwa. Taa ndogo ikisogezwa hadi nusu ya umbali wake wa awali, mwanga unaofika kwenye kazi huongezeka takribani mara nne. Taa mbili ndogo, moja kila upande wa kisu, huondoa kivuli kuliko moja yenye nguvu. Kitako cha sumaku ni rahisi kufunga, lakini hukusanya chembe za chuma, basi kiwekwe juu, mbali na meza. Waya upite nyuma ya mashine, ufungwe imara, na ubakizwe ulegevu wa kutosha pale kichwa kinapopanda na kushuka.

Maandishi ya kasha yasomwe kwa makini. “Sawa na wati 100” si kipimo cha mwanga; tafuta lumeni. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS, na udai risiti inayotaja aina ya taa na volti zake, siyo neno “taa” peke yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, na risiti yenye maelezo kamili hurahisisha kuthibitisha kile ulichoambiwa kwamba unanunua. Ikiwa taa itaungwa ndani ya mashine badala ya kuchomekwa kwenye soketi, kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, naye aiwekee swichi yake yenyewe, ili mota ikizimwa taa iendelee kuwaka wakati unabadilisha kisu.