Neema na Ng'ombe wa Mkubwa: Makala ya Pili juu ya Wokovu kwa Imani

Katika makala ya kwanza tulipitia nyaraka za Paulo kwa Warumi na kwa Waefeso, tukaona jinsi mtume yule alivyong'oa mzizi wa majivuno ya binadamu kwa kufundisha ya kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu kinachopokewa kwa imani, wala hakuna mja awezaye kuununua kwa sala zake, kwa saumu zake, wala kwa sadaka zake. Leo tutatoka katika nyaraka na kuingia katika nchi, kwa kuwa mafundisho haya yana historia yake katika pande hizi za Ngara na Biharamulo, nayo historia hiyo haikuandikwa na wanachuoni peke yao, bali na wakulima, wauguzi na walimu wa shule.

Msafiri ashukaye Nyakanazi, pale njia itokayo Kahama inapogawanyika, moja ikishika upande wa Kakonko na Kibondo hadi Kigoma, na nyingine ikielekea Ngara na mpaka wa Rusumo, hakosi kusikia habari za neema: pengine katika salamu ya mama muuza ndizi anayemwitikia mwenziwe kwa “Bwana asifiwe”, pengine katika maandishi yaliyo kwenye kioo cha lori, na aghalabu katika kipaza sauti cha mhubiri aliyesimama juani tangu asubuhi. Neno hilo limezoewa kiasi cha kupungua uzito, na kitu kitolewacho bure watu hukidhania kuwa hakina thamani, au hushuku kwamba mwenye kukitoa ana muradi wake aliouficha.

Shaka hiyo, katika nchi hii, haikosi sababu. Katika Urundi, na katika Bugufi, huku kwetu Ngara, iliyoshirikiana nayo mila na lugha, palikuwa na ada ya zamani ambayo kwayo mtu mkubwa alimpa mtu mnyonge ng'ombe, na kwa kumpokea ng'ombe yule mnyonge akawa mtu wake: akamfanyia kazi shambani, akamjengea ua, akamfuata safarini, na kizazi cha ng'ombe kikabaki na alama ya mkono uliotoa. Kilikuwa kipawa kwa jina, na kwa matendo kilikuwa mkataba wa utumishi. Basi mhubiri alipokuja akasema ya kuwa Mungu anatoa bure, msikilizaji aliyekua katika ada hiyo alikuwa na haki ya kuuliza moyoni: kazi yake ni ipi, na siku nitakaposhindwa kuifanya, je, atamchukua ng'ombe wake? Nionavyo mimi, mtu asiyewahi kuuliza swali hilo hajafika bado kwenye kiini cha mas'ala yenyewe.

Jawabu lilikuja, pamoja na mambo mengine, kwa njia ya ule uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya ziwa Muhazi, ambako Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na hospitali. Mganga wa hospitali ile, Joe Church, alikutana mwaka 1929 huko Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo na elimu, na wawili hao wakasoma Maandiko pamoja na kuomba, wakiwa wote wamechoshwa na dini ya ubatizo na majina mapya isiyogusa tabia. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha wainjilisti. Na Yosiya Kinuka, mkuu wa wauguzi pale hospitalini, ambaye mwanzo alikuwa mtu wa kinyongo na mzungu wake, akavunjika moyo wa kiburi na kutubu. Kigozi alifariki Januari 1936, angali kijana, na mwaka huohuo moto ukawaka Gahini, watu wakilia kwa dhambi zao usiku kucha, hata baadhi ya Wazungu wakaingiwa na hofu. Kabla ya muongo ule kwisha habari ilikwisha kuvuka mpaka hadi Katoke ya Biharamulo, palipokuwa na shule ya walimu, na kutoka huko ikaenea Buhaya, kwa Walutheri, ambao kati yao alitoka Josiah Kibira, mtoto wa uamsho huo, aliyekuwa askofu wa Bukoba tangu 1964 na ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani.

Sasa, watu wa uamsho huo, walioitwa walokole, yaani waliookoka, walifanya nini kilichowashangaza majirani? Walirudisha. Mtu aliyeiba jembe miaka mingi nyuma alilibeba mchana kweupe hadi kwa mwenyewe. Mwingine alikwenda kwa karani wa kodi kukiri ya kuwa alidanganya. Na muuguzi alirejesha dawa na mashuka ya hospitali ambayo hakuna aliyejua kuwa yamepotea. Mtu wa nje alipoyaona hayo alisema, basi hawa wanaokoka kwa matendo, kwa kuwa wanalipa. Hiyo ndiyo ghalati ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa maana jambo lote limo katika utaratibu wa nini kimetangulia. Yule mwenye jembe hakulirudisha ili asamehewe. Alilirudisha kwa sababu amekwisha kusamehewa, na kwa kuwa hukumu iliyomtisha haipo tena, hapakuwa na sababu ya kuendelea kuficha. Mtu anayeogopa kupotea hawezi kukiri, kwani kukiri kwake ni kujitia kitanzi. Hapo ndipo neema inapoachana kabisa na ng'ombe wa mkubwa: deni la mja kwa Mungu linafutwa, wala halibadilishwi kuwa utumishi, ilhali deni lake kwa jirani linabaki palepale, na kwa mara ya kwanza anapata nguvu ya kulitazama.

Lakini haifai kuwasifu watu kupita kiasi. Uamsho huohuo haukuchukua muda mrefu kabla ya kuanza kudai ujira kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, Uganda, miongoni mwao William Nagenda, kwa sababu ya kushikilia mikutano yao ya alfajiri na kuwakemea walimu wao. Na ingawa wakubwa wa chuo walikosa busara, si haba nao vijana walivyojiona kuwa ndio wapimaji wa roho za watu. Baadaye palizuka vikundi vilivyopima wokovu wa ndugu kwa kuuliza kama amekopa fedha, amevaa nini, na ametoa ushuhuda mara ngapi, hata mwaka 1971 walokole wa Uganda wakagawanyika kwa mambo ya namna hiyo. Ushuhuda, uliokuwa tunda, ukageuzwa kuwa ada ya kiingilio. Na wahubiri wa siku hizi wanaomwambia maskini “apande mbegu” ya fedha ili abarikiwe wamefika mbali zaidi, kwa kuwa wamemrudisha ng'ombe wa mkubwa mzimamzima, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii mnyonge ndiye anayetoa ng'ombe.

Liko jambo zito kuliko hayo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na mashamba ya Benaco yakawa mji wa mahema. Na katika umati ule walikuwamo waliokimbia kuuawa, na waliokimbia kwa sababu wameua. Walitoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, katika nchi ambayo ndiyo chimbuko la uamsho wetu, na wauaji wengi walikuwa wabatizwa, wenye kuimba. Mtu akisema kwamba wale hawakuokoka kweli, amejitoa katika taabu kwa njia rahisi mno. Dietrich Bonhoeffer, Mjerumani aliyenyongwa kwa amri ya serikali ya Hitler mwezi Aprili 1945, alikwisha kuonya katika mwaka 1937 juu ya neema inayogawiwa kwa bei ya chini, yaani msamaha usio na tauba. Wala onyo lake halikuigeuza neema kuwa ujira. Katika mahakama za Gacaca, ambazo Rwanda ilizitumia kuhukumu mauaji hayo na ambazo zilifungwa mwaka 2012, aliyeua alipunguziwa adhabu kwa kukiri, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa ya mali zilizoporwa, ng'ombe, mabati na samani, ambazo ilipasa zirudishwe au zilipwe. Mjane anayedai mabati yake hamzuii mtu asiingie mbinguni. Anadai mabati yake, na mtu aliyesamehewa na Mungu ndiye ambaye hana udhuru wa kumnyima.

Wakatoliki, ambao ni wengi katika Jimbo la Rulenge-Ngara, huenda wamesoma mpaka hapa wakiwa na tabasamu, kwa kuwa kwa karne nne waliambiwa na Waprotestanti kwamba wanahubiri matendo, na Mtaguso wa Trento ulijibu ukali kwa ukali mwaka 1547. Ugomvi huo umepoa kuliko wengi wanavyojua: tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja wakikiri ya kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa imani, na kwamba matendo mema hufuata. Nasi tulikuwa na askofu wa Rulenge, Christopher Mwoleka, aliyeacha raha za uaskofu akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji wa ujamaa huko Nyabihanga, na sidhani kwamba alikuwa akihesabu majembe ili ajipatie thawabu.

Limebaki swali la Waraka wa Yakobo, ambao Luther katika dibaji yake ya 1522 aliulinganisha na majani makavu, kwa kuwa unasema imani bila matendo imekufa. Katika makala ya tatu, Mungu akipenda, tutauliza kama Luther aliusoma waraka ule kwa haki, na kama Yakobo na Paulo walikuwa wakiwaambia maneno yao watu wa namna moja.